Jiko la mishikaki la nusu pipa: zuri, ila kagua wavu

Nusu ya pipa la lita 200, la aina inayogongwa na mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, ni jiko zuri mno: chuma chake kinene, hakitoboki upesi kama debe. Pipa lililobeba kemikali likatae, hata wakikupa bure. Udhaifu uko kwenye wavu. Waya wa mabati haufai kabisa, zinki ikiungua hutoa moshi wenye sumu. Mwambie fundi aunge nondo za milimita 6, sentimita 12 hivi juu ya mkaa. Zikishuka, nyama huungua nje, ndani mbichi. Matundu ya hewa yatobolewe ubavuni, maana ya kitakoni huzibwa na majivu. Kabla ya kuchoma chochote, koleza mkaa saa nzima mpaka rangi ya pipa ivimbe, ibabuke, moshi wake uishe.