Darasa la keki Sinza, kwa wewe unayetaka kuacha kazi uoke
Jamani mimi kuoka napenda toka niko mdogo, kila bethdei ya ukoo naitwa mimi, mpaka watu wakanijaza acha kazi fungua biashara. Nikaona kabla sijaacha mshahara ngoja nisome kwanza, nikajiunga na darasa la wiki 4 huku Sinza, Jumamosi na Jumapili tu.

Mwalimu anajua kazi. Siku ya kwanza hatujagusa hata unga, katupa daftari tupige hesabu ya keki ya kilo 1, mayai, siagi, sukari ya unga, gesi, boksi, bodaboda, na masaa yako. Hapo kwenye masaa ndo nilinyamaza, maana miaka yote nilikua siyahesabu kabisa, yaani nauza hasara nafurahia kusifiwa tu. Hiyo siku moja imenirudishia ada yote. Pia katuonyesha kwa joto hili la Dar krimu ya siagi tupu inalegea njiani, unachanganya na mafuta ya kupikia ya mgando, na keki ipoe kabisa ndo upake.

Kasoro ni oveni moja watu 12, na fondanti (ule unga wa sukari uliokandwa wa kufunika keki) tumepitishwa juu juu siku ya mwisho.

Kazi sijaacha. Nachukua oda 3 kwa wiki, mteja akibadilisha rangi saa 5 usiku naumia kweli, ila asubuhi nikifungua oveni ile harufu bado inanifurahisha vilevile. Mi nashauri nendeni, ila barua ya kuacha kazi msiandike kwanza.