Katuni ya Krismasi ya utotoni: mkanda wa VHS au faili?

Anayetaka kuitazama tena A Charlie Brown Christmas ya 1965 akiwa mtu mzima hapa Tanga aanze kwa kuukagua mkanda. Unyevu wa pwani hauna huruma. Inua kifuniko cha mbele: ukiona unga mweupe kingoni mwa utepe, huo ni ukungu. Usiutie mkanda huo kwenye deki, utachafua hedi (vichwa vidogo vinavyosoma utepe) na kila mkanda utakaofuata. Hedi hupanguswa kwa alkoholi na kitambaa kisichotoa nyuzi, kwa kufuata mzunguko wa ngoma, yaani silinda inayobeba hedi; ukipangusa juu-chini, zinavunjika. Halafu mkanda wa Marekani ni NTSC, mfumo wa picha wa huko. Deki ya PAL pekee, mfumo mwingine unaotumika kwetu, itatoa picha isiyo na rangi, au inayoruka.

Faili halina shida hizo, linakula bando tu. Ila runinga bapa huitanua picha: weka uwiano wa 4:3 (upana kwa kimo) wa runinga za zamani, la sivyo kichwa cha Charlie Brown, ambacho tayari ni kikubwa, kinakuwa boga. Hakikisha ni dakika 25 hivi. Matoleo ya runinga yaliwahi kukatwa kupisha matangazo.

Sisi tungechagua faili, na spika ya nje. Besi katika jazi ya Vince Guaraldi, mtunzi wa muziki wa katuni hii, ambayo mtoto huipuuza, spika za runinga huimeza.