Marobota ya Majani ya Mpunga Kujengea Ukuta: Yanafaa Mtwara na Lindi?

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo nimewaletea robota la majani makavu ya mpunga, maana wengi mnaniuliza: zile nyumba za marobota tunazoziona mtandaoni, hapa kwetu kusini zinawezekana?

Tulitazame kwanza. Sogeza kamera hapa, ndugu yangu. Urefu wake karibu sentimita 90, upana 45, kimo 35. Robota la namna hii likiwa kavu lina kilo 15 hadi 20. Limefungwa kamba mbili. Nalinyanyua kwa kamba zote mbili, mnaona? Halipindi mgongo. Napenyeza vidole chini ya kamba, viwili vinaingia kwa tabu. Hili ndilo la kujengea. Linalolegea ukilibeba, wape ng'ombe. Sasa nalichokonoa mpaka katikati na kunusa: rangi ni ya dhahabu hadi ndani, na harufu ni ya ghala la mpunga. Ukikuta weusi au harufu ya uvundo, usilichukue hata la bure. Unyevu unatakiwa uwe chini ya asilimia 20. Na yawe mabua ya mpunga uliokwishapurwa, si majani ya malisho. Ya malisho yana mbegu, yanaoza haraka na yanaita panya.

Ujenzi huu ni wa zamani. Ulianza Nebraska, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, mashine za kufunga marobota zilipofika kwenye nyika za mchanga zisizo na miti ya mbao. Pale Arthur, Nebraska, kuna kanisa la marobota la mwaka 1928, na limesimama hadi leo. Ufaransa, mji wa Montargis, kuna nyumba ya mwaka 1920. Kwa hiyo kudumu, zinadumu.

Lakini wale wanapigana na baridi. Sisi tunapigana na joto na unyevu, na hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri. Ukuta wa marobota unazuia joto kupita. Pwani yetu, usiku na mchana joto halipishani sana, na adui mkubwa ni bati la juu. Ukijenga ukuta wa sentimita 45 halafu ukaacha bati bila dari, umetupa hela. Faida utaiona kwenye ukuta wa magharibi. Ule wa tofali za saruji unapigwa na jua la alasiri, ukiugusa saa 3 usiku bado wa moto, na wewe umelala pembeni yake. Ukuta wa majani hauhifadhi joto hivyo. Hilo nalikubali kwa moyo mmoja.

Sasa maji. Mnakumbuka kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ilivyokatika Somanga? Robota likilowa hadi katikati halikaushiki, linaoza ndani ya ukuta huku lipu nje inang'aa. Kwa hiyo msingi wa mawe upande angalau sentimita 30 juu ya ardhi, na penye historia ya mafuriko zaidi ya hapo. Upenu wa bati utoke nje vizuri, au zungusha baraza pande zote kama walivyofanya wazee wetu.

Lipu, jamani, msipige saruji tupu! Saruji inafungia unyevu ndani. Piga udongo, kisha umalizie na chokaa, inayoruhusu ukuta kupumua. Chokaa si ngeni kwetu, Kilwa Kisiwani imejengwa kwa mawe na chokaa. Ila nunua chokaa ya mawe, tusiendelee kuchoma matumbawe ya bahari yetu.

Mchwa ndio wananitia wasiwasi zaidi, kwa sababu huku kwetu hawalali. Kati ya msingi na robota la kwanza weka ukanda wa bati uliokunjwa kushuka nje, ili wakipanda walazimike kujenga njia yao hadharani uione. Kagua kila mwezi. Usiyeweza kukagua, usijenge.

Moto? Majaribio ya Marekani ya mwaka 2006 yalionyesha ukuta wa marobota wenye lipu ya udongo ulistahimili saa 1, na wenye chokaa na saruji saa 2. Hatari ni wakati wa ujenzi, majani yakiwa yametapakaa chini. Fundi asivute sigara pale.

Gharama zisiwadanganye. Msingi, mbao za fremu, kenchi na bati vyote viko palepale, unaokoa kwenye ukuta tu. Na ukuta mnene unakula kiwanja.

Hukumu yangu: kwa wa pwani, Mikindani, Msimbati, Kilwa Masoko, nyumba nzima ya marobota sikushauri. Weka dari kwanza. Kwa wa bara, Masasi na Nachingwea, kwenye kiwanja cha mwinuko, anza na chumba kimoja au banda la kuhifadhia, fremu ya mbao, marobota ya kujazia katikati. Kikipita masika mawili bila unyevu wala mchwa, ongeza.

Na muda wenyewe umekaa vizuri: masika yakiisha mpunga unavunwa, kisha kiangazi kinakupa nafasi hadi Novemba. Wahi kuzungumza na wakulima wa Kitere au bonde lililo karibu nawe kabla hawajachoma mabua shambani, na ubebe turubai la kufunikia mzigo.