Magofu ya Kilwa Kisiwani na wazee wakati wa kipupwe: yanafaa, ila ulizia kupwa na kujaa kwa maji kwanza

Kwa kundi la watu wa miaka 60 na kuendelea, kuzunguka magofu ya Kilwa Kisiwani, kisiwa cha pwani ya kusini mwa Tanzania, ni matembezi mepesi, hasa Juni hadi Agosti, jua linapokuwa limepoa. Njia kati ya magofu makuu ni tambarare. Kinachowatesa wazee ni kupanda na kushuka mashua, na hapo ndipo wapangaji wengi wa safari wanapokosea.

Wanapanga Jumamosi saa nne asubuhi bila kuangalia mwezi. Siku za bamvua, yaani maji makuu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Mashua husimama mbali, na bibi mwenye goti bovu anatakiwa ashuke majini, akanyage matope na mawe yenye ncha. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, yanapopwa na kujaa kidogo tu, saa hizo hizo maji yanakuwa yamejaa. Si mengi, lakini yanatosha kuisogeza mashua karibu na ufuko. Chagueni siku hizo, na bebeni kreti tupu la soda la kukanyagia.

Kibali cha kuzuru magofu hulipiwa Kilwa Masoko, mji wa bara ng'ambo ya kisiwa, kabla ya kuvuka. Kwa injini, robo saa haiishi mmefika. Mashua ya tanga waachieni vijana. Kusi, upepo wa kusini, huchachamaa mchana, hivyo saa saba isiwakute bado kisiwani. Anayerudi alasiri hurudi amelowa.

Mwongozaji anayejua kazi huanzia Gereza, ngome iliyo karibu na ufuko, halafu Msikiti Mkuu, na hapo hana haraka. Sehemu ya kaskazini, ya zamani zaidi, haina paa. Ya kusini, iliyopanuliwa karne ya 14, ina kuba na matao, na chini yake kuna kivuli cha kuwatosha wote. Sogeeni ukutani: jiwe ni tumbawe, vijitundu vyake bado vinaonekana, na hata chokaa iliyoyashika mawe ilitokana na matumbawe yaliyochomwa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika mji huu mwaka 1331. Makutani, magofu ya kasri, inafuata, nayo haichukui muda.

Husuni Kubwa ni habari nyingine. Jumba hilo la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la kuogea la pembe nane, liko juu ya genge la mwamba kando ya bahari, zaidi ya kilomita moja kutoka msikitini. Waongozaji hupenda kuliunganisha na mengine kwa mkupuo mmoja, na hilo ndilo lalamiko letu kubwa: kundi linafika limechoka, hakuna anayesikiliza tena. Wenye magoti imara waende, wengine wapumzike msikitini na viti vya kukunja.

Kandambili hazifai, mawe yamejificha kwenye nyasi. Vaeni raba. Maji ya kunywa, lita moja na nusu kila mtu, yatoke Kilwa Masoko.

Bei ya mashua patananeni kwa chombo kizima: kwenda, kusubiri na kurudi. Mkilipa kwa kichwa tena kwa kwenda tu, nahodha atafuata abiria wengine, na wazee watabaki ufukweni wakimtazama akivuka.