Kiti cha pikipiki kilichoshonwa mara mbili: uzoefu wangu kutoka Moshi hadi Dodoma

Mama mwenye mgahawa pale Magugu alinikaribisha kiti mara tatu. Mara zote nilimjibu, "Asante mama, niko sawa," chai ikaisha nikiwa wima kama mlinzi wa benki. Angejua! Tangu Moshi nilikuwa kama mtu aliyekalia mbuzi ya kukunia nazi, tena upande wa meno.

Pikipiki yangu ni ya aina ile mliyozoea kuiona kwa mabwana shamba na watu wa miradi: ndefu, madigadi ya mbele iko juu, tairi za kashata, cc 150. Kazi yangu ni kufunga pampu za maji za sola. Wiki hii niko Simanjiro kwa wafugaji, wiki ijayo naitwa Kondoa. Njia za vumbi hazijawahi kunisumbua sana, maana kwenye makorongo unasimama juu ya vikanyagio, unakaa, unasimama tena, damu inatembea. Lami ndiyo iliyonitesa. Tangu barabara ya Babati hadi Dodoma izinduliwe ikiwa na lami 2018, mtu unakaa mkao mmoja saa nzima, na ukijumlisha zile 50 za vijijini na askari wa tochi chini ya mti, safari haiishi. Moshi hadi Dodoma kwa njia hiyo ni karibu kilomita 500.

Nisikilaumu kiwanda. Viti hivi ni vyembamba makusudi, ili dereva asogee mbele na nyuma, abane tangi kwa magoti, na miguu ifike chini, kwa kuwa pikipiki zenyewe zimenyanyuka. Ni sisi tunaozifanya mabasi.

Nilianza na mto wa jeli wa kuagiza mtandaoni, 45,000. Ukiuacha juani Mererani nusu saa, ukirudi unakalia kikaango. Na kwenye kona unateleza. Nimempa jirani, anaukalia dukani kwake na anaufurahia.

Kosa kubwa nililifanya Arusha. Fundi mmoja (simtaji, naye anatafuta ada ya watoto) alinibandikia sponji laini ya godoro, unene wa vidole vinne, akavika leza nyeusi yenye mshono mwekundu. Nilipokaa pale kwake nilicheka kwa raha. Nikalipa 40,000 bila hata kuomba punguzo. Raha iliishia Usa River. Sponji laini inakudanganya kwa dakika ishirini, halafu uzito wako unaibonyeza mpaka mwisho, na huko mwisho unaikuta plastiki ileile ya zamani, safari hii ikiwa na joto juu yake. Tena inakumeza. Makalio yakishazama, nyama inabanwa pande zote na huwezi hata kujisogeza. Isitoshe nilikuwa nimenyanyuka, kwenye foleni nagusa lami kwa ncha za vidole. Nikavumilia miezi miwili kwa sababu ya aibu ya hela yangu. Chai ya Magugu niliinywa katika miezi hiyo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Pasua, hapa Moshi, anayeshona viti vya daladala na masofa. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anakunywa uji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kiti kimekushinda?"

Hakusubiri jibu. Aliweka kiwiko chake juu ya ule urembo wa Arusha, akaegemea kidogo, kiwiko kikagonga chini: *ko*. "Hili godoro la mtoto," akasema. "Wewe una kilo ngapi?" Nikamwambia 84. Akaniangalia kwa huruma. Kisha akaniuliza kama shokapu ya nyuma ni nzima, kwa sababu, alisema, hashoni kiti cha kuficha shokapu iliyokufa. Akaibonyeza mwenyewe mara mbili tatu ndipo akaridhika.

Kilichofuata sikukitegemea. Alichukua kipande cha katoni ngumu, akakiweka juu ya ngazi ya saruji, akanikalisha hapo, magoti juu, kwa dakika moja hivi. Nilipoinuka palikuwa na mabonyeo mawili. Hiyo ni mifupa miwili ya chini ya nyonga, ile unayoisikia ukikaa kwenye benchi la kanisani mahubiri yakirefuka. Kwangu, kutoka katikati ya bonyeo hadi katikati ya bonyeo, futi ilisoma sentimita 12. Akaenda kupima kiti: sehemu bapa pale ninapokalia ilikuwa sentimita 15 tu, na kingo zote mbili zimeinama. Yaani mifupa ilikuwa imefika ukingoni kabisa, pale panapoanza kuinama, na uzito mwingi unabebwa na nyama laini za katikati, ambazo Mungu hakuziumba kwa kazi hiyo. Miaka minne nimekuwa nikidhani kiti kigumu. Kumbe chembamba.

Alitoa pini zote za stepla kwa bisibisi, akatupa sponji ya Arusha (mjukuu wake akaiokota), akaanza upya. Chini kabisa aliweka ile sponji nzito ya vipande vya rangirangi vilivyogandishwa pamoja, ambayo ukiibonyeza kwa kidole inakataa. Juu yake sponji ngumu ya kawaida. Laini akaweka juu kabisa, nyembamba kama chapati mbili, "ya kusalimia tu." Nyuma alinipanulia hadi sentimita 22, ila mbele, kwenye mapaja, alikuacha kwembamba vilevile ili miguu ishuke. Halafu akaondoa mteremko. Kiti cha awali kililala kuelekea tangi, kwa hiyo kila ukishika breki unaserereka mbele, na wanaume wenzangu hapo hawahitaji maelezo. Aliunyanyua upande wa mbele kidogo kwa kipande kilichokatwa kama kabari, akalainisha kila kitu kwa grenda yenye msasa. Vumbi la sponji lilinitoka puani siku mbili.

Bei 70,000, pamoja na leza. Aliniambia kesho saa nne. Nilikipata siku ya nne, na siku hizo zote nilikuwa napanda daladala kwenda Kiboriloni nimebeba koleo na nyaya.

Siku ya kwanza nilikata tamaa. Ukikaa tu unasema huyu mzee kaniwekea ubao. Nikaenda hivyohivyo, shingo upande. Nilipopita Makuyuni ndipo nilipogundua kwamba sijafikiria makalio tangu Arusha. Nikashuka Babati kula, nikakaa. Bereko, zile kona za mlimani, nilikuwa najisogeza kushoto na kulia bila kukwama, na nadhani hilo ndilo lililonisaidia kuliko yote. Maumivu yalianza Chemba, ya kawaida, ya mtu aliyechoka. Dodoma nilifika natembea kama binadamu. Nusu ya sifa hizo niipe kaptula ya baiskeli yenye sponji ndani, niliyoitoa mitumba ya Memorial kwa 5,000. Mishono ya jinzi kwenye safari ndefu ni kisu. Na bado nasimama kidogo juu ya vikanyagio kila nikiona kijiji, watoto wanadhani nawapungia.

Kasoro ipo, tena si ndogo. Mzee alishona leza kwa cherehani, na kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Masika ilipoingia, sponji ilikunywa. Unaanza safari kumekauka, ukifika Boma Ng'ombe suruali imelowa kwa nyuma na wahudumu wa sheli wanakutazama. Nilirudi kwake, akakubali bila ubishi, ila nailoni ya kuweka chini ya leza tuliihangaikia, mifuko ile ya zamani ilishapigwa marufuku tangu 2019. Mwishowe tukakata nailoni nene ya kitalu cha miche, akaipiga stepla, akachukua 10,000 nyingine. Tangu hapo ndani pakavu. Wewe ukienda, mwambie aiweke mapema. Ngozi ya kondoo ya kutandika juu nayo nimeijaribu. Kiangazi ni tamu sana, inapitisha hewa, hutoki jasho. Mvua ikiipiga, ananuka kondoo mwenyewe.

Jingine nililolisahau kabisa ni abiria. Kwa kunichongea mimi kiti bapa, mzee aliacha kama ngazi hapo katikati, na nyuma yake pamebaki na mteremko wa zamani. Mama watoto alipanda mara moja, hadi Himo tu. Kila breki alinigonga mgongoni kwa pochi. Mzee anasema kunyoosha pale ni 25,000 na siku moja, nami siku moja yake naijua. Mama watoto ameshatoa msimamo: Krismasi tukienda Rombo, yeye anapanda Noah, mimi nimkute huko.