TAHADHARI: Giaboksi kuukuu iliyopakwa rangi na kuuzwa kama iliyofanyiwa matengenezo

Ninawatahadharisha wenye SUV za zamani zenye gia otomatiki, hasa wale walioambiwa na fundi ambaye pia ni muuza vipuri kwamba giaboksi imekufa na dawa yake ni kununua nyingine aliyonayo. Mimi niliambiwa hivyo, nikanunua, na sasa ninajua kwamba ile iliyotolewa haikuwa na ugonjwa wowote.

Gari lilikuwa likichelewa kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, kisha likiingia kwa kishindo, na siku nyingine liling'ang'ania gia moja hadi nilizime na kuliwasha upya. Sikulipa uzito jambo ambalo fundi makini angeliuliza mapema: kila hali hiyo ilipotokea, mshale wa spidi ulianguka hadi sifuri ilhali gari linatembea. Muuzaji aliliendesha dakika chache, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akatikisa kichwa na kusema kwamba klachi za ndani zimeungua. Hakuunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari, wala hakupima presha ya oili. Mimi mwenyewe nilikiona kijiti kile, na oili ilikuwa nyekundu, safi, isiyo na harufu ya kuungua. Klachi zikiungua, oili huwa ya kahawia iliyokolea au nyeusi, na hunuka. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani ninaongea na mtaalamu.

Giaboksi niliyouziwa iling'aa kwa rangi ya fedha, na niliahidiwa kwamba imefunguliwa na kuwekwa klachi na sili mpya. Ilifanya kazi kwa siku nane, kisha tatizo likarudi lile lile, mshale wa spidi ukianguka vile vile.

Fundi wa pili alisoma kodi mbili, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari: P0700, ambayo husema tu kwamba mfumo wa gia una hitilafu, na P0720, inayohusu saketi ya sensa inayopima mzunguko wa shafti itokayo kwenye giaboksi. Kompyuta huitegemea sensa hiyo kuamua wakati wa kubadili gia, na taarifa zake zikikatika, magari mengi hubaki kwenye gia moja ili kuilinda giaboksi. Aliufuata waya wa sensa kwa tochi hadi akaukuta umelalia bomba la ekzosi, ganda limeyeyuka na shaba iko nje. Kazi ya kubadilisha giaboksi ilikuwa imeusogeza kidogo tu, na hapo nikaelewa zile siku nane zilitoka wapi. Aliuunga, akauvika ganda jipya na kuufunga mbali na joto; gari likabadili gia bila kishindo.

Kwa udadisi tulifungua sampo, yaani bakuli la oili lililo chini, ya giaboksi hiyo "mpya". Rangi ilikuwa imepakwa juu ya matope makavu, chujio lilikuwa jeusi, na sumaku za kunasa unga wa chuma zilikuwa zimefunikwa na tope laini la kijivu lenye unene wa ukucha. Tope hilo ni la kawaida kwa giaboksi iliyotembea miaka mingi, lakini haliwezi kujaa namna hiyo kwa siku nane. Muuzaji alipoulizwa alijibu kwamba dhamana yake haihusu mambo ya umeme, na simu zilizofuata hakupokea.

Msikubali giaboksi ishushwe kabla kodi hazijasomwa na kuandikwa, oili haijapimwa kama kitabu cha gari kinavyoelekeza (mengi hupimwa injini ikinguruma na oili ikiwa moto, lakini si yote), na nyaya, sensa na solenoidi (valvu za umeme zinazoelekeza oili ndani ya giaboksi) hazijakaguliwa. Mkilazimika kununua, sampo ifunguliwe mbele yenu kabla hamjalipa, na ile ya zamani ibaki mikononi mwenu.

Yangu ilibaki kwake, kwani alisema ni chuma chakavu. Sampo yake imebonyea kwenye kona ya nyuma, upande wa kulia, mahali ilipogonga jiwe. Atakayeuziwa giaboksi yenye rangi ya fedha apapase hapo kwa kidole.