TAHADHARI: "iPod Shuffle mpya GB 32" wanazouziwa watu wa mazoezi

Jamani watu wa jimu, kuna muuzaji anazunguka Instagram na WhatsApp na vile vi-MP3 vidogo vya kubana kwenye fulana. Anaviita "iPod Shuffle mpya, GB 32, haingii jasho", Sh65,000. Anadai yupo Kariakoo, ila dukani hakuelekezi: unatuma hela kwanza, bodaboda anakuletea. Pale tunapofanyia mazoezi tumepigwa watu kadhaa, mimi nikiwemo.

Kwa macho hukamati kitu. Boksi lina nailoni yake, nembo ya Apple, lile tufaha, ipo mgongoni, ukiwasha muziki unapiga. Ukichomeka kwenye kompyuta inakuandikia GB 32 kabisa, ndiyo maana watu wanamsifia siku hiyohiyo.

Uongo upo kwenye memori. Chipu ya ndani ni ndogo mno, ila imechezewa ijitangaze kuwa ni GB 32. Ukiweka nyimbo thelathini, safi. Ukianza kuijaza, zinazozidi zinakosa pa kukaa: nyingine zinaandikwa juu ya zile za mwanzo, nyingine yanabaki majina matupu. Upo chini na skwati, uzito mabegani, singeli inakwaruza, inakatika, kimya. Ukirudi kwenye kompyuta nyimbo zote unaziona, ukibonyeza hazifunguki. Wengine walishanunua hedifoni mpya wakidhani waya umekatika.

Ukimtafuta anakwambia warranti ilikuwa siku tatu, halafu "bosi, umeingiza virusi", halafu anakublock. Hizo siku tatu amezipigia hesabu. Nani anajaza GB 32 ndani ya siku tatu?

Sasa shikeni hili. Apple waliacha kuuza Shuffle Julai 2017. Tangu ya kwanza mwaka 2005, haijawahi kutoka yenye zaidi ya GB 4, na ile ya mwisho, yenye vitufe vya duara mbele, ilikuwa GB 2 basi. Tundu la memori kadi haina, na chaji inapitia tundu lilelile la hedifoni. Habari ya jasho nayo ni porojo: ya mwenzetu mmoja kitufe cha katikati kimeshika kutu. Kifaa cha kuhimili maji kweli huandikwa kiwango chake, mfano IPX7, yaani kuzama mita 1 kwa dakika 30.

Mimi sina ugomvi na MP3 ya bei poa isiyojifanya iPod. Ile ya kuchomeka memori kadi yako mwenyewe inatosha kabisa, na simu inabaki kwenye begi badala ya kuangukia mashine ya kukimbilia.

Kama umeshanunua, pakua programu ya kupima memori: H2testw kwenye Windows, au F3 kama unatumia Mac au Linux. Zote ni za bure. Hamisha nyimbo zako kwanza, kisha iache ijaze kifaa na kukisoma upya. Inachukua muda, iwashe ukalale. Itakuambia GB za kweli ni ngapi. Ujumbe wa muamala usiufute. Namba yake ya simu itume TCRA kupitia 15040, na suala la bidhaa feki lipeleke FCC, yaani Tume ya Ushindani.

Akaunti ya kwanza ameshaifuta. Ya sasa ina jina jingine, maoni kayafunga, lakini picha ni zilezile: Shuffle tatu juu ya kitambaa chekundu.